Maybe Happy Ending

Maybe Happy Ending ni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uliotungwa na Will Aronson na Hue Park na kuonyeshwa Seoul, Korea Kusini, mwaka 2016. Oliver na Claire ni roboti wasaidizi waliopitwa na wakati, majirani katika jengo moja. Oliver huzungumza na mmea wake wa chunguni. Claire anabisha hodi kuazima chaja, na mapenzi yanaanzia hapo. Wanasafiri hadi kisiwa cha Jeju, Claire akitamani kuona vimulimuli. Kinachochoma moyo zaidi ni kwamba vipuri vyao havitengenezwi tena, hivyo siku zao za kupendana zinahesabika. Toleo la Broadway lilifunguliwa Novemba 2024, na mwaka 2025 likatwaa Tuzo 6 za Tony, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki.