Ubao wa Pedali, Volti 9 na Stima ya Embu

Leo programu tunaziweka kando kidogo, ingawa hatuendi mbali. Rafiki zangu wanaopiga gitaa makanisani na kwenye bendi za benga kati ya Embu na Meru huniuliza swali moja: ninunue ubao gani wa kupangia pedali? Wananiuliza mimi kwa sababu nilisomea kompyuta, na kwao kitu chochote chenye waya na taa nyekundu ni kazi yangu. Haya basi. Jibu langu huanza na historia, maana anayejua pedali zilitoka wapi hapotezi pesa kirahisi.

Kabla ya pedali

Fundi Konde ni mmoja wa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gitaa la umeme, na hakuwa na kitu cha kukanyaga. Benga ya D.O. Misiani na Shirati ilijengwa kwa sauti kavu: gitaa, waya, ampu, basi. Nyuzi nyembamba zililia kwa ukali, zikifuata mwendo wa nyatiti. Benga ilipopanda hadi Mlima Kenya na kuimbwa kwa lugha za huku, ukavu ule ulipanda nao. Kwa hivyo kama unapiga benga, jiulize kwanza kama unahitaji pedali zaidi ya mbili.

Hitilafu iliyogeuka bidhaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, studio moja ya Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodia uliharibika wakati Grady Martin akipiga gitaa la besi. Sauti ikatoka imekwaruza. Wimbo ule, "Don't Worry" wa Marty Robbins, ulitoka 1961 na mkwaruzo wake. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaunda kisanduku cha transista cha kuiga hitilafu hiyo, na 1962 kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilitumia betri mbili za volti 1.5. Mwaka 1965 Rolling Stones walikitumia kwenye "Satisfaction" na dunia nzima ikakitaka. Sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hii: hitilafu ikipendwa na wateja, inaitwa huduma.

Mwaka 1966 ikaja Fuzz Face, ikitumia betri ya mraba ya volti 9, ndugu ya zile za redio za transista. Mwaka 1977 Boss, tawi la Roland ya Japani, wakatoa pedali zao ndogo za kwanza, zenye umbo ambalo halijabadilika sana hadi leo. Polepole volti 9 ikawa desturi ya karibu kila mtu, na tundu la adapta likawa na hasi katikati. Ni kama USB kwa kompyuta: kila mtengenezaji anafuata ili auze.

Pedali zilipofika tano au sita, taabu ikaanza: betri tano za kufa, waya kumi za kulegea. Miaka ya 1970 Mwingereza Pete Cornish alikuwa akiwaundia wapigaji kama David Gilmour wa Pink Floyd mbao zenye pedali zote na chanzo kimoja cha umeme. Kumbuka hapo. Ubao ulikuja kutatua mambo ya umeme na waya. Unadhifu ulikuwa nyongeza tu.

Kisha kompyuta ikaingia. Boss ME-5 ya 1988 iliweka sauti nyingi kwenye mtambo mmoja, na miaka ya 1990 Zoom 505 ikashusha bei.

Kwetu stima ndiyo mwamuzi

Mto Tana unapopita upande wa Mbeere, huko Embu, una vituo vitano vya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Sehemu ya stima ya nchi inapikwa hapa nyumbani, lakini ukame ulipoleta mgao mwaka 2000, giza lilitufikia kama wengine. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika. Ndiyo maana harusini jenereta huwa pale nyuma ya hema, na jenereta huishiwa mafuta.

Sasa fikiria pedali kama programu zilizounganishwa kwa mfululizo: moja ikianguka, zote zimeanguka. Pedali za Boss zikikosa umeme hazipitishi sauti hata kidogo. Zile zenye swichi inayounganisha waya moja kwa moja hupitisha sauti hata zikiwa zimekufa. Ampu ikiwa na umeme wake na ubao ukakosa wako, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bibi harusi ataingia kwa wimbo au kwa kimya.

Basi ninunue nini?

1. Piga hesabu ya umeme kwanza. Pedali ya kawaida ya analogi hula kama miliampia 10, ya mwangwi ya kidijitali 65 au zaidi. Tuseme ubao wako unakula 150 kwa jumla: kwa volti 9 hiyo ni wati 1.35. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 ina kama wati-saa 37. Ukipoteza kidogo njiani, zinabaki 30, yaani zaidi ya saa 20. Utahitaji waya wa kupandisha volti 5 hadi 9. Ujaribu kabla ya kulipa, maana wa bei rahisi hupiga mluzi kwenye spika.

2. Adapta moja yenye waya wa matawi ni rahisi, lakini ukichanganya analogi na dijitali huenda ikavuma. Kama una pesa ya kitu kimoja cha maana, nunua chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa.

3. Fremu yenyewe usiilipie sana. Alumini kama za Pedaltrain ni nyepesi na nzuri, lakini grevilea, ile mukima inayopandwa mashambani kwetu, seremala anaikata siku hiyo hiyo. Acha nafasi kati ya vipande ili waya zipite chini.

4. Ukubwa: ubao ukae magotini ndani ya matatu. Ukilazimika kwenda juu ya keria, ni mkubwa mno.

5. Beba waya mmoja mrefu wa kutoka gitaa moja kwa moja hadi ampu. Ubao ukigoma, chomoa, chomeka, endelea. Benga ilianza hivyo hivyo.