Mtihani unapoamua nani apelekwe elimu maalum

MTOTO hupelekwa katika elimu maalum kwa sababu anahitaji msaada asioupata katika darasa la kawaida. Lakini pale ambapo alama za mtihani ndizo hupima sifa ya shule, uamuzi huo waweza kuongozwa na hesabu badala ya mahitaji ya mtoto. Marekani imeyaona hayo kwa miongo kadhaa, hasa katika jimbo la Texas.

Tangu mwaka 1975, sheria ya Marekani humpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayomfaa. Mwalimu au mzazi akishuku tatizo, mtoto hutathminiwa kwa idhini ya mzazi. Kisha jopo la walimu, wataalamu na mzazi huamua iwapo anastahili, na kumwandalia mpango wake wa masomo.

Katika miaka ya 1990, shule za Texas zilipangwa kwa madaraja kutokana na matokeo ya mtihani wa TAAS. Hadi mwaka 1999, alama za wanafunzi wa elimu maalum hazikuhesabiwa. Mtafiti Walter Haney alibaini kwamba kati ya 1994 na 1998, idadi ya watahiniwa wa darasa la 10 walioachwa nje ya hesabu kwa njia hiyo ilikaribia kuongezeka maradufu.

Huko Florida, David Figlio na Lawrence Getzler walieleza mwaka 2002 kwamba baada ya mtihani wa FCAT kuanza, wanafunzi dhaifu na wa jamii maskini waliwekwa zaidi katika kundi la wenye ulemavu.

Mwaka huo huo, sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush ilijaribu kuziba mwanya huo. Shule zilitakiwa kuwatahini angalau asilimia 95 ya wanafunzi, na matokeo ya wenye ulemavu yakawekwa bayana.

Hata hivyo, mwaka 2004 Texas ilianza kutumia kipimo kingine: wilaya zilipewa alama bora iwapo wanafunzi wa elimu maalum hawakuzidi asilimia 8.5. Sasa mlango ukafungwa. Kiwango cha jimbo, kilichokuwa karibu asilimia 12, kilishuka hadi chini ya asilimia 9, ilhali cha taifa kilikuwa takriban asilimia 13.

Gazeti la Houston Chronicle lilifichua suala hilo mwaka 2016. Kipimo kilipigwa marufuku mwaka 2017, na mwaka 2018 serikali kuu ikatangaza kuwa Texas ilikuwa imevunja sheria.

Kwa mtoto, makosa yote mawili ni ghali. Aliyeingizwa bila sababu hutarajiwa machache na kufundishwa machache. Aliyenyimwa nafasi hupoteza miaka ya msaada ambayo hairudi. Ndiyo maana tathmini ya mtoto haina budi kutenganishwa na alama ambazo shule inazitafuta.