Jopo, Pipa na Jina Lililofichwa: Historia ya Uteuzi wa Mapipa ya Wiski katika Scotch Malt Whisky Society, 1983–2021

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna chama cha wanywaji wa wiski kinavyoteua pipa moja moja kwa ajili ya wanachama wake. Suala hilo linatazamwa hapa kama sehemu ya historia ya mamlaka: ni nani, katika kipindi fulani, alihesabiwa kuwa na haki ya kutamka kwamba kinywaji ni kizuri, na tamko lake lilisimama juu ya msingi gani. Mfano uliochaguliwa ni Scotch Malt Whisky Society, kilichoanzishwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1983, ambacho kuanzia hapa kitaitwa Chama. Hoja kuu ni kwamba mchango wa Chama katika historia ya wiski haukuwa kuuza pipa moja bila kulichanganya na jingine, kwa kuwa jambo hilo lilikwishafanywa na wengine kabla yake. Mchango wake ulikuwa kuhamisha uamuzi kutoka kwa mwenye kiwanda na mchanganyaji na kuuweka mikononi mwa jopo linalowawakilisha wanywaji. Makala yanaonyesha pia kwamba uhamisho huo haukuwa kamili, na kwamba mabadiliko ya umiliki baada ya mwaka 2004 yaliuweka katika mtihani.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kimea ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kukeneka ni kuchemsha kileo na kuukusanya mvuke wake baada ya kupoa. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja ni ile iliyokenekwa kwa kimea cha shayiri peke yake katika kiwanda kimoja, ingawa chupa yake kwa kawaida hujazwa kutokana na mapipa mengi yaliyounganishwa. Wiski ya pipa moja ni ile ambayo kila kilichomo chupani kimetoka katika pipa lile lile.

2.0 Usuli: Karne ya Mchanganyaji

Sheria ya ushuru ya mwaka 1823 iliwapa wakenekaji wa Uskoti sababu ya kuacha magendo na kufanya kazi kwa leseni. Mwaka 1830 Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo uliokeneka nafaka mfululizo, kwa wingi na kwa gharama ndogo. Wiski ya nafaka iliyotoka katika mtambo huo ilikuwa laini na nyepesi, tofauti na wiski ya kimea iliyokuwa nzito na isiyotabirika. Baada ya sheria ya mwaka 1860 kuruhusu pombe kali kuchanganywa ndani ya maghala ya forodha kabla ya ushuru kulipwa, wafanyabiashara kama Andrew Usher wa Edinburgh waliweza kuunganisha aina hizo mbili na kuuza bidhaa iliyokuwa na ladha moja mwaka hadi mwaka.

Tangu hapo mwenye mamlaka alikuwa mchanganyaji. Kwake pipa lilikuwa malighafi. Pipa lenye tabia ya pekee lilimpa shida, maana lilitishia kuivuruga ladha ambayo mnunuzi wa London au Bombay aliitegemea. Viwanda vya kimea vilijengwa na kuendeshwa kwa kiasi kikubwa ili kuwahudumia wachanganyaji, na ilikuwa desturi ya kampuni kubadilishana mapipa ili kila moja ipate ladha ilizohitaji. Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti yake mwaka 1909 ilikubali kwamba mchanganyiko huo una haki ya kuitwa wiski sawasawa na wiski ya kimea. Kisheria na kibiashara, ushindi wa mchanganyaji ulikuwa umekamilika.

Hata hivyo, pipa moja halikutoweka. Kampuni ya Cadenhead, iliyoanza Aberdeen mwaka 1842, na ile ya Gordon & MacPhail ya Elgin, iliyoanza mwaka 1895, ziliendelea kununua mapipa kutoka viwandani na kujaza chupa zake zenyewe. Kwa hiyo dai kwamba Chama ndicho kilichogundua wiski ya pipa moja haliungwi mkono na historia. Katika kampuni hizo, lakini, aliyeteua alikuwa mfanyabiashara mwenyewe, naye mnunuzi alipokea alichopewa.

3.0 Kuasisiwa kwa Chama

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Pip Hills, mhasibu wa Edinburgh, aliwashawishi marafiki zake wachange fedha wakanunua pipa la wiski kutoka kiwanda cha Glenfarclas katika eneo la Speyside. Waligawana kilichomo bila kukizimua kwa maji na bila kukichuja kwa baridi, utaratibu ambao viwanda hutumia ili wiski isifanye ukungu ndani ya chupa. Kundi liliongezeka, na pipa moja likafuatwa na mengine. Mwaka 1983 kundi hilo la marafiki liligeuzwa kuwa chama rasmi, na jengo la kale la ghala la mvinyo liitwalo The Vaults, katika bandari ya Leith, likawa makao yake.

Mwaka huo una uzito wa pekee. Uzalishaji wa miaka ya 1970 ulikuwa umezidi mahitaji, na maghala ya Uskoti yalijaa wiski isiyo na mnunuzi. Mwaka 1983 Distillers Company Limited, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote nchini humo, ilifunga viwanda kadhaa kwa mkupuo, vikiwemo Port Ellen cha kisiwa cha Islay na Brora cha kaskazini. Kuzaliwa kwa Chama katika mwaka huo huo kunaonyesha kwamba uhuru wa kuteua ulikuwa na sharti la kiuchumi: mteuzi huweza kukataa pipa pale tu ambapo mapipa ni mengi na wenye nayo wanataka kuuza. Hali hiyo haikuundwa na wapenzi wa wiski. Iliundwa na hesabu mbaya za wazalishaji, na wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa ndio walioilipia.

4.0 Utaratibu wa Uteuzi

Uteuzi huanza ghalani. Sampuli ndogo huchotwa kutoka katika pipa, hutiwa katika kichupa na kupelekwa mbele ya jopo la watu wenye uzoefu wa kunusa na kuonja. Wanajopo hawaambiwi sampuli imetoka kiwanda gani. Kwanza hutazama rangi, kisha hunusa, halafu huonja wiski ikiwa na nguvu yake yote. Baada ya hapo huongeza maji kidogo na kurudia. Maji yana kazi mbili: hupunguza ukali unaoufisha ulimi, na huachilia harufu ambazo kileo kikali huzifunika. Wanajopo hujadiliana, hutoa alama, na maelezo ya walichokinusa na kukionja huandikwa. Pipa lisilofikia kiwango halijazwi chupani kwa jina la Chama. Huweza kuachwa likomae zaidi, na wakati mwingine wiski huhamishiwa katika pipa la mbao nyingine.

Haja ya kupima kila pipa peke yake inatokana na maumbile ya pipa lenyewe. Sheria ya Uskoti inataka wiski ikomae kwa muda usiopungua miaka 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Mapipa mengi yamewahi kutumika Marekani kuhifadhi bourbon, ambayo kwa sheria ya huko lazima iwekwe katika mwaloni mpya uliounguzwa ndani. Mengine yalibeba sheri ya Hispania. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja kwa kileo kile kile yanaweza kutofautiana sana baada ya miaka 10, kwa sababu ya unene wa mbao, idadi ya mara yaliyokwisha kutumika na mahali yalipolazwa ghalani. Ni tofauti hizo ambazo mchanganyaji alilipwa ili azifute, na ambazo jopo linakutana ili lizitafute.

Uchache wa bidhaa nao ni tokeo la hesabu. Katika hali ya hewa ya Uskoti pipa hupoteza takribani asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa mvuke. Pipa la lita 250 likipoteza kiasi hicho kwa miaka 10 hubakiwa na lita zipatazo 204, ambazo hutosha chupa takribani 290 za sentilita 70. Zikiisha, zimeisha. Mwanachama hawezi kuomba tena wiski aliyoipenda. Huweza tu kuliamini jopo lililoiteua kwamba litateua nyingine. Kwa sababu hiyo, sifa ya jopo ndiyo iliyoshika nafasi ambayo, katika wiski ya kawaida, hushikwa na jina la kiwanda.

5.0 Nambari Badala ya Jina

Chama hakiandiki jina la kiwanda juu ya lebo zake. Kila kiwanda kimepewa nambari kwa kufuata mpangilio wa kuingia kwake katika orodha, na nambari ya pili huonyesha hilo ni pipa la ngapi kutoka kiwanda hicho. Glenfarclas ni 1, kwa hiyo chupa ya kwanza kabisa ni 1.1. Ardbeg ni 33, hivyo 33.5 ni pipa la 5 kutoka Ardbeg. Orodha hiyo imezidi viwanda 100, na baadaye ilivuka mipaka ya Uskoti hadi Japani. Pamoja na nambari, kila chupa hupewa jina la kimzaha linalotokana na maelezo ya jopo.

Chanzo cha nambari ni makubaliano ya kibiashara. Wenye viwanda hawakupenda majina yao yaonekane juu ya wiski ambayo ladha yake haikufanana na ile waliyoiuza wenyewe. Lakini kilichowalinda wazalishaji kiliwafaa pia wanywaji kwa namna ambayo haikukusudiwa. Asiyejua jina hulazimika kusoma maelezo na kuonja. Hana sifa ya kiwanda ya kuegemea. Kanuni iliyolifunga jopo, ya kuhukumu bila kujua, ilimfikia mwanachama kwa njia ya lebo, japokuwa kwa upungufu: haikuwapo siri ya kweli, na wanachama wenye ari walizijua nambari kwa moyo.

Kwa mtafiti, maelezo ya jopo ni chanzo cha kihistoria chenye thamani, ila yana upande mmoja. Yanayochapishwa ni ya mapipa yaliyokubaliwa. Anayesoma orodha za Chama peke yake anaweza kudhani kwamba kila pipa la Uskoti lilikuwa zuri, ilhali kazi kubwa ya jopo, ambayo ni kukataa, haimo katika maandishi yanayomfikia mwanachama.

6.0 Ulinganisho: Kentucky

Ulinganisho na Marekani unasaidia kuonyesha upekee wa mfumo huu. Mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya Chama kuasisiwa, Elmer T. Lee alizindua bourbon ya pipa moja iitwayo Blanton's huko Frankfort, Kentucky. Hapo mteuzi alikuwa mkenekaji mwenyewe, na pipa moja likawa bidhaa ya kiwanda chenyewe. Baadaye vyama vya wanywaji vya Marekani vilianza kununua mapipa kamili. Wajumbe wao hupewa sampuli za mapipa machache, hulinganisha, na kuchagua moja. Lakini mapipa hayo machache huwa yametengwa na kiwanda kabla wajumbe hawajafika. Aidha, mfumo wa ngazi tatu uliowekwa katika majimbo baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933 hutenganisha mzalishaji, msambazaji na muuzaji wa rejareja, hivyo kwa kawaida chama hulipata pipa lake kupitia duka lenye leseni. Jina la kiwanda hubaki juu ya chupa, na la chama huongezwa pembeni. Mnywaji wa Kentucky anachagua ndani ya uwanja uliopimwa na mzalishaji. Jopo la Leith lilijaribu kuupima uwanja lenyewe.

7.0 Mtihani wa Umiliki

Mwaka 2004 Chama kilinunuliwa na kampuni ya Glenmorangie, ambayo muda mfupi baadaye iliingia mikononi mwa LVMH ya Ufaransa. Glenmorangie ilikuwa inamiliki kiwanda cha Ardbeg tangu mwaka 1997. Kwa hiyo jopo lililokuwa likihukumu mapipa ya nambari 33 lilikuwa chini ya mwenye kiwanda nambari 33. Hakuna haja ya kudai kwamba hukumu za jopo zilipindishwa ili kuona uzito wa hali hiyo: mamlaka yaliyojengwa juu ya kutotegemea mzalishaji yalikuwa sasa mali ya mzalishaji. Mwaka 2015 Chama kiliuzwa kwa kundi la wawekezaji binafsi, na mwaka 2021 kampuni inayokimiliki, Artisanal Spirits Company, iliorodhesha hisa zake katika soko dogo la hisa la London. Mgongano wa zamani uliondoka, ukaja mwingine. Mwenye hisa hutazamia mauzo yaongezeke kila mwaka, na jopo linalokataa mapipa hupunguza mauzo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uteuzi wa pipa moja kwa ajili ya wanachama ulitokana na mambo matatu yaliyokutana mwaka 1983: wingi wa wiski isiyo na soko, kundi la wanywaji lililokwisha kuzoea kuchanga na kugawana, na wazalishaji waliokuwa tayari kuuza mapipa yao mradi majina yao yasitajwe. Kutokana na hayo kulizaliwa utaratibu ambamo hukumu ya ladha hutolewa kwa pamoja, kwa maandishi, na bila kujua jina. Utaratibu huo uliweza kudumu chini ya wamiliki tofauti kwa sababu kanuni zake ni za kiutendaji na zinaweza kurithiwa: sampuli, jopo, alama, nambari. Ambacho hakirithiwi kwa urahisi ni uhuru wa kukataa. Uhuru huo ulitegemea soko lililofurika na umiliki wa wanywaji wenyewe, na masharti yote mawili yamebadilika tangu mwaka 1983. Utafiti zaidi wa historia ya vyama vya aina hii uanzie hapo, kwa kufuatilia mapipa yaliyokataliwa sambamba na yale yaliyosifiwa.