Kaki ni rangi au ni kitambaa?

Juzi nimepita kwa fundi cherehani hapa Ngamiani nikakuta mama mmoja anambishia: "Hii siyo kaki. Hii ni tetroni yenye rangi ya kaki!" Nikasimama kusikiliza kama mmbeya, maana hoja ya yule mama ni ya zamani kweli.

Kwa Kiajemi na Kiurdu, khak ni vumbi. Harry Lumsden, aliyeunda kikosi cha Guides kule Peshawar mwaka 1846, ndiye anayetajwa kuwavika askari wake rangi hiyo. Waingereza wakaligeuza neno kuwa kivumishi chao, lakini harufu ya baruti haikulitoka. Uchaguzi wao wa 1900, uliofanyika katikati ya vita vya Makaburu, mpaka leo wanauita uchaguzi wa kaki.

Tanga tuliiona kaki kazini Novemba 1914. Meli zilileta jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, kuunyang'anya mji kwa Wajerumani. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi askari Waafrika. Kaki huku, kaki kule. Waliokuja na meli wakapigwa. Watu husimulia zaidi nyuki waliowavamia. Mimi huwa nawaza zile nguo za rangi ya vumbi zilizotoka mbali kuja kulala kwenye vumbi letu.

Halafu Kiswahili kikalivua neno bunduki. Hatulipi kiambishi, hakuna "vikaki". Tunaliweka nyuma ya "ya" tu, kama pamba au ngozi. Kaptula ya kaki. Bahasha ya kaki. Yangu ya shule ilitiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe.

Bahasha je? Baba aliletewa ya kwake kazini, enzi viwanda vinapunguza watu. Akaiweka juu ya kabati siku tatu bila kuifungua. Mama alipouliza, "Baba Fulani, wameandika nini?" akajibu, "Kaki tupu." Tangu hapo, kwetu mtu akiachishwa kazi tunasema kapata kaki. Kamusi haina maana hiyo, lakini pale nyumbani haihitaji kuelezwa.

Yule mama, kumbe, alitaka kaptula mbili za mwanawe. Fundi kachoka: "Basi mama, kanunue kitambaa chako ulete." Akaenda kweli.