Ituri na Nyota Sita za Bendera ya Kongo
Bendera iliyopandishwa tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa ile ya buluu ya enzi za Leopold II, yenye nyota kubwa ya manjano katikati. Kilichoongezwa ni nyota sita ndogo upande wa mlingoti, kila moja ikisimamia jimbo. Ituri ilihesabiwa ndani ya nyota ya Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Katanga, yenye nyota yake kamili, ilijitenga siku kumi na moja baadaye, ikajitengenezea bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, mfano wa sarafu ya kale ya huko.

Mwaka 1962 majimbo yalianza kugawanywa hata yakafikia 21, na Bunia ikawa makao makuu ya Kibali-Ituri. Nyota mpya haikuongezwa. Mwaka 1963 zile sita nazo ziliondolewa, na mwaka 1966 Kibali-Ituri ikarudishwa katika Jimbo la Mashariki. Ajabu ni kwamba mwaka 1997, baada ya mwenge wa Zaire, nyota sita zilirejeshwa, ilhali majimbo yalikuwa 11 pamoja na Kinshasa. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 vilipiganwa chini ya hesabu hiyo. Katiba ya 2006 iliacha nyota moja pembeni. Ituri ilipokuwa jimbo mwaka 2015, moja kati ya 26, hapakuwa tena na nyota za kuhesabu.