Unajiuliza Kama Wewe Ni Shoga, Msagaji Ama Uko Katikati? Soma Hii Kwanza, Msee wa Kisumu

Uko kwa kinyozi pale Kondele, mbogi inabishana kuhusu madem, nawe unacheka tu kwa sababu macho yamekwama kwa chali wa kiti cha pili. Ama wewe ni dem, na beshte yako akiposti boyi mpya unaumwa roho kuliko inavyofaa. Swali linaanza kukusumbua: kwani mimi ni nani?

Mtaa huchanganya vitu vitatu: unayemtamani, unayelala naye, na jina unalojiita. Hazilingani kila mara. Kuna wazee wana bibi na watoto na moyo uko kwingine kabisa. Na ile stori ya bweni ukiwa Form Two haikuamulii maisha. Angalia muda mrefu: ukiwa peke yako, ni nani huja kwa akili? Nani amewahi kukunyima usingizi? Inaweza kuwa jinsia yako, jinsia ile ingine, wote, ama hakuna mtu, na hiyo pia iko.

Hakuna deadlini. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa kutoka Nakuru, aliandika kwamba alijua tangu akiwa na miaka 5. Alitangaza Januari 2014, akitimiza miaka 43, katika insha anayojiwazia akimwambia mamake, ambaye alikuwa ameshafariki. Kujua ni kitu kimoja, kusema ni kingine.

Na si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapenzi ya jinsia moja kwa orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Kwa hivyo mtu akikuitisha ganji ati akutoe hiyo kitu, funga mfuko.

Sasa sheria, hapa watu hudanganyana sana. Kenya haiadhibu hisia. Kanuni ya Adhabu inaadhibu vitendo: kifungu cha 162 hadi miaka 14 jela, na cha 165, cha wanaume pekee, miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta. Lakini Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ilisema kumpima mtu sehemu za siri kwa lazima ni kuvunja Katiba, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaruhusu chama cha kutetea watu hawa kisajiliwe. Mwaka huohuo Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Town, akaandaa mswada wa kukaza adhabu. Mambo yanavutana.

Ukitaka kuongea na mtu anayeelewa, NYARWEK ni mtandao wa makundi ya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, na uko hapa Kisumu. Kwa familia, pima kwanza: kama bado unalipiwa fee na unalala kwao, kungoja si uoga.

Hatari kubwa zaidi iko kwa simu. Mtu unachati naye wiki mbili, unaenda kwake, unapata vijana wanne na kamera, wanataka M-Pesa yako yote. Usitume picha yenye sura. Mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali pa watu, hata Dunga samaki wakiwa mezani, na beshte mmoja ajue uko wapi na utarudi saa ngapi.