Maradhi ya Wapiga Mbizi na Swali la Tabibu

Baadhi ya mitaa ya Eastlands, katika mji wa Nairobi, ni watoto wa reli. Reli itokayo Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye mitaa ya Muthurwa na Makongeni ikajengwa kuwa makao ya wafanya kazi wake. Tangu siku hizo watu wa upande ule wamezoea kushuka pwani na kupanda tena bara. Lakini yako maradhi yawezayo kupanda bara pamoja na msafiri bila yeye kujua, na historia yake yafaa kusomwa.

Hebu tuchukue mfano. Kijana wa mtaa wa Jericho ameshuka Mombasa kupumzika, na huko amefundishwa kuzama baharini akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Siku ya mwisho azama mara mbili, atazama samaki na matumbawe, kisha jioni apanda ndege kurudi kwao. Usiku ule bega laanza kumwuma. Kulipopambazuka vidole vyake vina ganzi, na miguu haina nguvu. Aenda zahanati, damu yapimwa, malaria haionekani. Apewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Je, ni baridi yabisi? Ni uchovu wa safari? Hapana ajuaye, kwa kuwa hapana aliyemwuliza jana alikuwa wapi.

Msomaji asiidharau zahanati hiyo. Mabingwa wa Ulaya na Marekani nao walihangaika na fumbo hili kwa miaka mingi. Yapata mwaka 1840, mhandisi Mfaransa aitwaye Triger alikuwa akichimba shimo la makaa ya mawe karibu na mto Loire. Maji yalipomshinda, alishindilia hewa ndani ya bomba kubwa la chuma ili iyafukuze, na watu wakafanya kazi humo. Baadhi yao walipotoka waliumwa na viungo.

Mwaka 1870, huko St. Louis, Marekani, misingi ya daraja kubwa la mto Mississippi ilichimbwa kwa njia iyo hiyo. Wafanya kazi wengi wakaugua. Wengine wakapooza, na zaidi ya kumi wakafa. Kuna waliovaa mikanda ya zinki na fedha, wakitumaini kwamba itawakinga. Tabibu wao, Alphonse Jaminet, naye alishuka chini, na alipotoka akapooza kwa muda. Akadhani ni uchovu. Huko New York, Washington Roebling, mkuu wa ujenzi wa daraja la Brooklyn, aliugua mwaka 1872 hata asiweze kwenda kazini. Mkewe, Emily, ndiye aliyepeleka maagizo yake kwa wajenzi mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883.

Kwa nini watu hodari namna hii hawakung'amua upesi? Sababu ni kwamba mtu awapo chini hana neno. Taabu huja baada ya kutoka, pengine akiwa amekwisha fika nyumbani. Basi watu walitafuta chanzo cha maradhi pale alipolala mgonjwa, na chanzo kilikuwa kule alikotoka.

Mwaka 1878 mtaalamu Mfaransa, Paul Bert, aliandika kitabu kikubwa kilichofumbua fumbo hilo. Sehemu kubwa ya hewa tuivutayo ni naitrojeni. Mtu akiwa chini sana, mgandamizo mkubwa huiyeyusha naitrojeni hiyo ndani ya damu na nyama ya mwili. Akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu bila dhara. Akipanda kwa haraka, hufanya viputo mwilini, kama vile chupa ya soda ifunguliwapo ghafula. Kiputo kikiwa kiungoni huleta maumivu. Kikiwa katika uti wa mgongo huweza kupoozesha miguu. Mwaka 1908, J. S. Haldane na wenzake wa Uingereza, baada ya kuwajaribu mbuzi, walitoa majedwali ya kuwafundisha wapiga mbizi kupanda kwa vituo. Kisha mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kuvutia hewa ya mtungini. Tokea hapo bahari ikawa wazi hata kwa mtu wa matembezi, na maradhi hayakuwa tena ya vibarua wa madaraja na mabaharia tu.

Sasa turudi Nairobi. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Kwa hiyo mpiga mbizi apandaye Nairobi ni kama mtu ambaye hajamaliza kutoka majini: angali anapanda. Zamani gari moshi lilimchukua usiku kucha. Siku hizi ndege humfikisha kwa muda usiotimia saa moja. Ndiyo maana wataalamu huagiza kungoja saa 12 au zaidi baada ya kuzama mara moja, na saa 18 au zaidi baada ya kuzama mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege.

Aliyekwisha kuugua hupewa oksijeni, kisha huingizwa upesi katika chumba cha mgandamizo ili viputo visinywae, na hapo hurudishwa polepole katika hali ya kawaida. Akicheleweshwa, huenda asipate tena nguvu za miguu yake. Wala hapana kipimo cha damu kiwezacho kuyathibitisha maradhi haya. Kipimo cha kwanza ni maneno: tabibu aulize, na mgonjwa aeleze.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kijana wa Jericho hakuficha kitu. Hakujua tu kwamba habari za bahari zina maana mbele ya tabibu wa bara. Nawe, msomaji, ukiugua baada ya safari, usingoje kuulizwa. Anza kwa kusema ulikotoka na ulilofanya huko, kwani hiyo nayo ni historia, na yaweza kukuokoa.